Maradhi ya Mawazo kwa Vibarua wa Ujenzi

Likizo iliyopita nilikaa Mbagala kwa mjomba wangu, ambaye ni saidia fundi. Niliona kuwa usiku halali, na chakula hakimpiti kooni. Mtu wa namna hiyo akipanda jukwaani na ndoo ya zege, ni rahisi kuanguka. Nilimwuliza mbona haendi kwa daktari.

"Mjomba, kibarua hulipwa kwa siku. Nikienda hospitali, watoto watakula nini? Tena wenzangu watasema napelekwa Mirembe."

Kumbe Mirembe iko mbali, Dodoma, na si wote wapelekwao huko. Hospitali za Temeke, Mwananyamala na Muhimbili zina kliniki za maradhi ya akili; wengi hutibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile. Tulikwenda Temeke siku ya mvua kubwa, kwani siku hiyo zege halimwagwi.