Mtoto halii, kumbe nyonga inaharibika

MTOTO aliyezaliwa na mgongo wazi anaweza kuvunjika mfupa au kuumia nyonga bila kutoa chozi. Mzazi akimwona anacheza na kucheka huamini ni mzima, kumbe ndani kiungo kinaharibika.

Maumivu ndiyo mlinzi wa kiungo. Mtu akiteguka, uchungu humlazimisha kuupumzisha mguu hadi upone. Neva zinazopeleka taarifa hiyo kwenye ubongo zikiharibika, mlinzi huyo hayupo. Mtu huendelea kukanyagia mguu ulioumia, mifupa husagana, na mwishowe kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kumomonyoka au kuchomoka mahali pake.

Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1868, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Enzi hizo ulihusishwa na kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo. Siku hizi chanzo kikubwa ni kisukari, ambacho zaidi huharibu viungo vya unyayo na kifundo cha mguu. Nyonga hupatwa kwa nadra, hasa kwa waliopoteza hisia kutokana na matatizo ya uti wa mgongo, ukiwamo mgongo wazi.

Mwangalie anapooga

Kwa kuwa mtoto hatalalamika, linganisha miguu yake yote miwili kila anapooga. Angalia uvimbe, joto, wekundu, mguu mmoja kuonekana mfupi au kupinda. Kama alikuwa anatembea, angalia kama ameanza kuyumba.

Wakati mwingine hupata homa pia, ikadhaniwa ni jipu au maambukizi. Mweleze daktari kwamba mtoto hana hisia miguuni, na uulize kuhusu picha ya eksirei.

Asikandwe

Kwa familia za Ruaha Mbuyuni zinazoamkia kwenye mashamba ya vitunguu, mtoto anaweza kushinda na bibi au dada yake. Nao wajue: asikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwa mguu. Ngozi yenye ganzi huungua bila mtoto kushtuka, na mfupa uliopata ufa huvunjika zaidi.

Mguu ukivimba, asiukanyagie. Uegemezwe kwenye mto na kufungwa kwa kanga bila kubana, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa wa Iringa, safari ya kupanda Kitonga afanye akiwa amelazwa. Matatizo makubwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Tiba huanza kwa kuupunguzia mguu uzito, kwa magongo au kiti mwendo. Madaktari hawakimbilii kuweka nyonga ya bandia, kwa kuwa kwa wagonjwa hawa hulegea au kuchomoka kirahisi. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Kinga kabla ya mimba

Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, kabla mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayetarajia kushika mimba ameze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kwanza, maana huhitaji dozi kubwa zaidi.