Si Kila Kijani ni Chakula

Akina mama wenzetu, wengi wetu hapa Mhunze tunafuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba ili tupate ada na madaftari ya watoto. Nguruwe hubeba mimba siku 114, na akitunzwa vizuri huzaa mara mbili kwa mwaka. Hesabu hiyo nzuri huharibika pale vitoto vinapoachishwa kunyonya. Vinaharisha, vinakonda, manyoya yanasimama, na ada ya muhula inazikwa pamoja navyo.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili kwa watoto wetu wenyewe. Mtoto akiachishwa ziwa na kupewa uji mtupu, hudhoofu. Ndivyo ilivyo kwa kitoto cha nguruwe: tumbo lililozoea maziwa linapewa pumba ghafla. Pumba hushibisha, lakini peke yake haijengi mwili. Kitoto cha umri huo huhitaji chakula chenye protini kiasi cha sehemu 18 hadi 20 katika kila sehemu 100.

Mwani usioonekana kwa macho

Mama anayetafuta protini siku hizi anaweza kutajiwa spirulina. Huu ni mwani mdogo mno; hauonekani mmoja mmoja, ila ukiwa mwingi maji hugeuka kijani. Ukikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Wala si kitu kigeni Afrika. Wanawake wa Kikanembu, kandokando ya Ziwa Chad, huuteka, huukausha juu ya mchanga na kuutia katika mchuzi. Wao huuita dihe. Hapa nchini, heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Natron, huutegemea kwa chakula.

Je, unafaa kwa vitoto vya nguruwe? Unaweza kuchanganywa, lakini wingi wake si faida. Watafiti wa Ureno walieleza mwaka 2021 kwamba walitia sehemu 10 za spirulina katika kila sehemu 100 za chakula cha vitoto vilivyoachishwa. Vitoto hivyo vilikua polepole kuliko vilivyokula chakula cha kawaida, kwa kuwa chakula hicho hakikusagika vizuri tumboni.

Hatari iliyomo lamboni

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wenu. Kiangazi kinapokaza, malambo yetu hupungua na maji hutanda kijani. Mama aliyesikia sifa za mwani anaweza kuchota utando ule akauchanganya na pumba. Asithubutu! Utando wa namna hiyo unaweza kuwa wa jamaa za spirulina wenye sumu ya kuharibu ini au mishipa ya fahamu, na kwa macho hatuwezi kuutofautisha. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Mwaka 2020 huko Botswana tembo zaidi ya 300 walikufa, na serikali yao ikaeleza kuwa chanzo kilikuwa sumu ya aina hii katika maji waliyokunywa. Ikiwa tembo ameanguka, kitoto cha nguruwe kitapona vipi? Na watoto wetu tuwakataze kunywa wala kuogelea penye utando huo. Spirulina ya kuliwa hulimwa katika matangi safi yenye maji ya magadi, kisha huvunwa na kukaushwa kwa uangalifu. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa.

Tuanze na vilivyo karibu

Protini tunaweza kuipata bila kwenda lamboni:

– Soya iliyokaangwa na kusagwa. Mbichi huzuia chakula kusagika tumboni.

– Dagaa wa Ziwa Victoria waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala ukungu.

– Mashudu ya alizeti, kwa kiasi. Mashudu ya pamba, ingawa Kishapu ni nchi ya pamba, tusiwape vitoto. Yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia lakini humdhuru nguruwe moyo na ini.

Tuvionjeshe vitoto chakula laini tangu wiki ya pili, vikiwa bado vinanyonya, ili tumbo lizoee. Tuviachishe kati ya wiki ya 6 na ya 8. Katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa vipigwe sindano ya madini ya chuma, maana maziwa ya mama hayana ya kutosha. Maji yawe safi na banda liwe kavu. Kuhusu vipimo vya kuchanganya, tumwone afisa mifugo kabla ya kununua chochote.

Mama, kabla hujatia kitu kipya katika chakula cha mifugo, uliza kwanza kimetoka wapi. Lambo lililotanda kijani tuliache lilivyo.