Nira haifungwi kwa hasira

Nilipokuwa mwalimu kijana nilitamani sana kumiliki farasi. Picha moja niliyoiona gazetini, ya wapanda farasi wakishindana katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ambako mashindano hayo yamekuwa yakifanyika tangu mwaka wa 1954, ilinikaa moyoni kwa miaka mingi. Nikajiuliza ni kwa nini sisi wa Nyanza Kusini tuna ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, lakini farasi tunamjua kwa methali tu, yule wa mpanda wawili kupasuka msamba.

Jibu la swali hilo, msomaji, ni mdudu. Bonde la Lambwe katika Homa Bay, ambalo sehemu yake ni Mbuga ya Taifa ya Ruma tangu mwaka wa 1983, limejulikana kwa muda mrefu kuwa maskani ya mbung'o. Huyu ndiye aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno na nagana. Kuna pia tauni ya farasi, inayoenezwa na usubi, ambayo pundamilia huistahimili ilhali farasi huangamia. Basi mwanagenzi wa kwetu hana haja ya kujifunza hatamu na tandiko. Anayetaka kuonja utamu wa kumfundisha mnyama na kufundishwa naye, huku Migori na Homa Bay, hujifunza nira.

Nami nilijifunza nira nikiwa mzee, baada ya kustaafu. Nilinunua fahali wawili wachanga, umri wao kama miaka miwili na nusu, waliokwisha kuhasiwa. (Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, nadhani hawakuwa wakiwazungumzia maksai.) Nilikuwa na kijishamba Ndhiwa, nilikuwa na jembe la plau, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyefundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliamini kwamba aliyeweza kumfundisha mtoto ngeli za Kiswahili hawezi kushindwa na ndama.

Siku ya kwanza niliwafunga nira na plau kwa pamoja. Mmoja alilala chini. Mwenzake alizunguka, akaukunja mnyororo, akaniburura hadi ndani ya shamba la muwa la jirani. Niliokota fimbo. Sitaeleza kwa kirefu nilivyoitumia. Itoshe kusema kwamba baada ya siku tatu fahali wale walikuwa wakitetemeka kila waliposikia mlango wa nyumba yangu ukifunguliwa.

Jirani yangu, kwa kuuhurumia muwa wake, alinishauri nimtafute kijana mmoja ng'ambo ya Mto Kuja, upande wa Uriri, aliyesifiwa kwa kufunza ng'ombe wa kulima. Nilimtumia ujumbe, akaja. Hakuwa kijana tena, kwani mvi zilikuwa zimeanza kumwingia ndevuni. Alinitazama, akatabasamu, akaniamkua: "Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki?"

Nilimkumbuka alipogeuka kutazama zizi. Mwaka wa 1996 nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja ya wilaya ya Migori. Kulikuwa na mvulana aliyechelewa karibu kila siku mwezi wa Machi na Aprili, akiwa na matope hadi magotini. Sikuwahi kumuuliza sababu. Nilimchapa jinsi tulivyochapa wakati huo, kabla ya kiboko kupigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na nilimchapa mbele ya wenzake. Kufikia muhula wa pili hakuwa akija tena. Katika rejesta niliandika neno moja, "mtoro", nikaendelea na kazi.

Mvulana yule alikuwa akiwaongoza ng'ombe wa baba yake tangu saa kumi na moja alfajiri, maana jua likishapanda ng'ombe huchoka, na mvua ya masika haimngoji mtu.

Sasa nisikilizeni, walimu wenzangu na wanafunzi mnaonisoma, maana hapa ndipo nilipoanza shule upya. Juma zima la kwanza mtu huyu hakugusa nira. Aliwakuna fahali shingoni na nyuma ya masikio, akawapa majani kwa mkono wake, akawaita kwa majina aliyowapa yeye mwenyewe. Aliwafunga kamba moja, ubavu kwa ubavu, wapate kuzoeana. Aliangalia ni yupi apendaye kukaa kulia na yupi kushoto, naye hakuwabadilisha tena; kwani wakilima, wa kulia hutembea ndani ya mfuo na wa kushoto juu ya ardhi isiyolimwa, na kila mmoja hujifunza njia yake. Juma la pili nira ilivishwa bila mzigo wowote, wakatembezwa. Juma la tatu wakavuta gogo jepesi. Kila kipindi hakikuzidi saa moja, na kilimalizika wakati fahali wamefanya jambo vizuri, hata likiwa dogo kama kusimama walipoambiwa simama.

Nilikuwa na haraka. Nilimwambia kwamba mvua imekaribia. Alinijibu kwa upole: "Mwalimu, mvua itakuja, nao watakuwa wamejua, au hawatakuwa wamejua. Kuwapiga hakuzuii mvua."

Siku moja nilifika zizini nimeudhika kwa mambo ya nyumbani. Alinitazama usoni, akachukua kamba mkononi mwangu, akaniomba niende nikanywe chai kwanza. Nilifukuzwa darasani na mwanafunzi wangu! Baadaye nilikumbuka kusoma kwamba Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, naye alionya mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira. Mkulima wa Uriri hakumsoma Xenophon, bali aliwasoma ng'ombe.

La kustaajabisha ni kwamba, katikati ya mwezi wa pili, niligundua ninaamka kabla ya jogoo bila kuamshwa na mtu. Sikuwa nikiwaza ekari wala magunia. Nilitaka kuona kama yule wa kushoto leo atageuka mwishoni mwa shamba bila kuvutwa. Niliona raha ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni: raha ya kutojua jambo, kulijaribu, kulikosea, na kulijaribu tena kesho yake pasipo mtu wa kukutia alama nyekundu.

Hapo nilianza kuyatafakari maneno ya lugha zetu. Katika Kijaluo mwalimu ni japuonj, naye mwanafunzi ni japuonjre, yaani ajifunzaye, anayeifanya kazi ya kufunza juu ya nafsi yake. Kiswahili nacho husema kujifunza. Kile kijisehemu "ji" nimekichambua ubaoni mara elfu bila kukisikia kinasema nini. Tulifanya nini, sisi tuliofundisha katika miaka ya KCPE, mtihani ulioanza mwaka wa 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023? Tulivisha nira, plau na mnyororo siku ya kwanza, kisha tukashangaa watoto walipolala chini. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, unasifiwa kwa kumpa mtoto nafasi ya kutenda. Vema. Lakini nimewaona wazazi wakinunua kazi za mikono sokoni ili mtoto apate alama, na walimu wakizipokea huku wakijua. Huko ni kumkokotea ng'ombe plau ili aonekane analima.

Sisemi kwamba mitihani ifutwe. Shamba hupimwa kwa mavuno, na fahali asiyevuta mwishowe huuzwa. Ninalolalamikia ni ile saa moja ya asubuhi, iliyo tamu kuliko zote, ambayo tumewanyang'anya watoto wetu kwa kuwahimiza wafike kabla hawajatembea.

Tulipomaliza mfuo wa kwanza ulionyooka, nilimlipa mwalimu wangu ujira tuliopatana. Ndipo nikamwomba radhi kwa ajili ya mwaka wa 1996. Alinyamaza kitambo, akikunja kamba. Kisha alisema kwamba viboko alivisahau mapema, lakini aliumia kwa sababu sikuwahi kumuuliza alikotoka na yale matope. Sikuwa na la kujibu. Akaniuliza kama ningeweza kumsaidia bintiye, aliye sekondari, katika insha.

Binti huja kila Jumamosi. Tunaanza saa mbili, baada ya mimi kutoka shambani, na kwanza humuuliza asubuhi yake imekuwaje. Yule fahali wa kushoto bado hageuki vizuri mwishoni mwa shamba. Kesho alfajiri tutajaribu tena.