Hatifungani za kilimo zinamfaidi nani?

Mkulima wa kahawa mkoani Kagera akibanwa na ada ya shule wakati mibuni ndiyo kwanza imetoa maua, mlango ulio wazi kwake ni wa mnunuzi wa butura. Anauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Mtwara na Lindi kuna kangomba, yaani ununuzi wa korosho wa chini kwa chini. Biashara zote mbili zimepigwa marufuku na bado zipo, kwa sababu zinatoa kile ambacho benki haitoi: fedha taslimu, siku hiyohiyo, bila kuulizwa hati.

Hatifungani yoyote ya kilimo inapaswa kumshinda huyo mnunuzi, la sivyo haina maana kwa mkulima mdogo. Wazo lenyewe ni zuri. Serikali inaweka dhamana, wenye akiba wananunua, fedha inakopeshwa mashambani kwa riba nafuu. Marekani ilijaribu njia inayofanana na hiyo mwaka 1916, Rais Woodrow Wilson aliposaini sheria iliyounda benki 12 za ardhi. Serikali iliweka mtaji wa mwanzo, hatifungani zikasamehewa kodi, riba kwa mkulima ikawekewa kikomo cha asilimia 6, na mkopo uliweza kulipwa hadi kwa miaka 40. Wenye mashamba walinufaika kweli. Lakini mkopo ulipimwa kwa thamani ya ardhi. Waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno huko kusini, wakiwemo Weusi wengi, hawakuwa na cha kuweka rehani.

Tanzania nayo imechukua hatua. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilianza kazi mwaka 2015, na ina mfuko wa dhamana unaofidia sehemu ya hasara ya benki zinazowakopesha wakulima wadogo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 za kukopesha benki kwa riba ya asilimia 3, ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki kubwa zikashusha hadi asilimia 9. Hilo linastahili pongezi.

Lakini mwaka huohuo Serikali iliuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki: upande mmoja kuna Hazina, ambayo italipa bila kufuatiliwa, upande mwingine kuna wakulima 1,000 waliotawanyika vijijini, wanaotegemea mvua, tena kwa asilimia 9. Riba ya hatifungani hiyo ilishushwa mwaka uliofuata, ila mvutano haukuisha. Serikali inayomwombea mkulima mkopo ndiyo inayoshindana naye kwenye dirisha lilelile.

Tena tuelewe dhamana inamkinga nani. Mvua ikikata, benki inafidiwa sehemu ya hasara yake. Mkulima anabaki na deni. Hati ya hakimiliki ya kimila, iliyoletwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haijalegeza mambo kiasi kilichotarajiwa, kwani ardhi ya kijiji haiuziki kirahisi kwa mtu wa nje, na benki zinalijua hilo.

Kinachoweza kuwekwa rehani ni zao. Stakabadhi ghalani, iliyopata sheria yake mwaka 2005, iliviwezesha vyama vya msingi vya korosho kukopa benki na kuwalipa wakulima malipo ya awali kabla ya mnada. Nayo ina makovu yake: Liwale, Aprili 2013, nyumba zilichomwa wakulima walipolipwa pungufu ya walichotarajia. Chama kibovu kinaweza kula fedha ya hatifungani kama kilivyokula ya korosho. Hata hivyo njia hii inamfikia asiye na hati, na mimi naiona bora kuliko kupitishia fedha hiyo kwa wakopaji wakubwa wa mjini wenye maghala na matrekta, kisha tukaiita mikopo ya kilimo.

Kwa hiyo wabunge wetu, Serikali ikija tena kuomba kuweka dhamana yake kwenye kilimo, idaini kwanza hesabu ya kila wilaya: wakulima wangapi wenye chini ya ekari 5 walikopeshwa, shilingi ngapi, na mwezi gani. Mkopo wa mbegu unaotoka Machi haumsaidii aliyepaswa kupanda Desemba.