Luti ya Ulaya ilivyorudi bila mwalimu

Mpiga gitaa anayekwenda kujifunza luti mjini Basel, pale Uswisi inapokutana na Ujerumani na Ufaransa, mara nyingi hutakiwa kwanza kukata kucha. Kwa miaka mingi kucha hizo ndizo zilizompa sauti yake. Sasa atagusa nyuzi kwa nyama ya ncha za vidole, na kwa muda atasikika kama mtu anayeanza upya. Sharti hilo halikurithiwa kwa mzee yeyote. Ilibidi litafutwe.

Luti ni mtoto wa udi. Jina lake latokana na neno la Kiarabu al-ud, na ala yenyewe iliingia Ulaya kupitia Andalusia na Sisilia. Aliyezoea taarabu ya Unguja angeutambua mara moja mgongo wake uliobinuka kama nusu ya tikiti, na kichwa chake kilichopinda nyuma. Shingo yake, tofauti na ya udi, hufungwa mikanda ya utumbo inayogawa sauti. Lakini tofauti kubwa zaidi ni ya silsila: udi umepokezanwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi mpaka leo, ilhali luti ilinyamaza. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 hapakuwa na wa kuifundisha.

Zilibaki karatasi. Maandishi ya luti, yaitwayo tabulatura, hutumia herufi au tarakimu kuonyesha uzi gani upigwe na kidole cha kushoto kibane wapi. Nukta ndogo huonyesha zamu ya kidole cha shahada. Namna mkono wa kulia unavyokaa, kurasa hizo hazisemi.

Arnold Dolmetsch, Mfaransa aliyehamia Uingereza, alitengeneza luti yake ya kwanza mwaka 1893. Diana Poulton alijifunza kwake katika miaka ya 1920, na mwaka 1956 akashirikiana na Ian Harwood kuanzisha Chama cha Luti cha Uingereza. Aliyeifikisha kwa umma, hata hivyo, ni Julian Bream (1933–2020), mpiga gitaa aliyeishika luti kwa mkono wa gitaa: kwa kucha, juu ya ala nzito. Wapo wanaombeza leo kwa hilo. Si haki, kwani wengi wa wanaombeza huenda wasingeijua luti bila yeye.

Hata hivyo mkono wa gitaa ulikuwa na kasoro. Nyuzi za luti hupangwa jozi jozi, na kucha huelekea kuunasa uzi mmoja na kumwacha mwenzake.

Jibu lilitoka katika picha za kale na vitabu vya karne ya 16. Humo mkono hulala karibu sambamba na nyuzi, kidole cha mwisho kikiegemea uso wa ala, na gumba likipita chini ya vidole, kuelekea kiganjani. Mwendo huanzia kwenye kiwiko. Gumba hushuka kwa pigo zito, kidole cha shahada hupanda kwa pigo jepesi. Huo ndio mwendo wa risha! Hadi karne ya 15 ilipokaribia kwisha, wapiga luti walitumia unyoya kama wapiga udi. Walipouweka chini, mkono ulibaki na desturi yake. Kilichomtatiza mpiga gitaa kingemwelea mpiga udi upesi.

Katika miaka ya 1970, Michael Schäffer wa Cologne na Paul O'Dette wa Marekani walikuwa miongoni mwa walioeneza mkono huo. Katika Schola Cantorum Basiliensis, chuo kilichoanzishwa Basel mwaka 1933, walifundisha Eugen Müller-Dombois na kisha Hopkinson Smith. Mafundi nao walipima luti za kale katika makumbusho, wakaunda ala nyepesi. Bila wepesi huo, mguso wa nyama ya kidole usingesikika vizuri.

Wazee wenyewe, hata hivyo, hawakukubaliana. Alessandro Piccinini, mwaka 1623, alipiga kwa kucha. Thomas Mace, mwaka 1676, alizikataa (ndiye huyo huyo aliyeshauri luti ilazwe kitandani mchana, chini ya blanketi, isiharibiwe na unyevu). Johannes Stobaeus wa Königsberg aliona gumba la nje hutoa sauti angavu, na la ndani sauti iliyofifia. Akaongeza kuwa John Dowland mwenyewe alianza na gumba ndani, kisha akabadilisha.

Kwa hiyo mwalimu makini huuliza kwanza muziki ni wa mwaka gani. Wa 1530 hupigwa gumba likiwa ndani, wa 1630 likiwa nje. Baadhi ya wapigaji hutumia mkono mmoja kwa muziki wote, kwa kuwa kubadili ni kazi ngumu, na wenzao huwalaumu. Wengine hufanya kama Dowland: wakishauzoea mkono wa kwanza, huanza kujifunza wa pili.