Povu zuri huokoa ngozi ya kidevu

Je, msomaji, baada ya kunyoa ndevu asubuhi, wewe hujikuna kidevu na shingo hadi jioni? Je, una vipele vidogo, vigumu, vilivyotanda chini ya taya, ambavyo ukivipitishia wembe hutoa damu na ukiviacha hutunga usaha? Kama jibu ni ndiyo, basi hauko peke yako. Haya ni miongoni mwa malalamiko ambayo sisi madaktari wa kawaida huyasikia mara kwa mara kutoka kwa wanaume, ingawa aghalabu hawaji kwa sababu hiyo. Huja na kikohozi au mgongo, na wakati wa kuondoka ndipo huuliza, "Daktari, na hivi vipele je?" Wengine tayari wamejiaminisha kwamba damu yao imechafuka, au kwamba wana maradhi ya zinaa. La hasha. Mara nyingi chanzo ni wembe na namna unavyotumiwa.

Chukua mfano wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, ulioko Embakasi Kusini, ubavuni mwa Eneo la Viwanda jijini Nairobi. Huko, kabla jua halijachomoza, wanaume huwa njiani kwenda viwandani kutafuta kibarua. Nyumba nyingi ni za mabati, chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mtu akiutazama mtungi huo na kukumbuka kwamba ndio wa kupikia, kuogea na kufulia, huona ni israfu kutumia maji kulainisha ndevu. Basi hupitisha wembe pakavu, au hujipaka kipande cha sabuni ya kufulia, akakwaruza upesi mbele ya kigae cha kioo na kushika njia. Kwa walinzi wa usiku jambo hili hata si la hiari, kwa maana wapo waajiri wanaotaka kidevu kiwe laini kila siku.

Sasa tazama kinachotendeka. Nywele zetu za kipilipili hazikujikunja baada ya kutoka nje tu. Hata mzizi wenyewe, ndani ya ngozi, umepinda. Unywele kama huo unapokatwa mshazari ukiwa mkavu, hubaki na ncha kali mfano wa mwiba. Unapoanza kukua, badala ya kwenda mbele, hujipinda na kuidunga ngozi ya jirani. Mwili nao huuona kama kitu kigeni na kupigana nao, na hapo ndipo panapovimba, kuwasha na kugeuka peusi. Nyembe za kisasa zenye makali matatu au manne huzidisha shida hii, kwa kuwa makali ya kwanza huuvuta unywele na yanayofuata huukata chini ya ngozi. Unywele uliokatwa hivyo huota ukiwa umefungiwa ndani. Ule wembe wa makali mawili uliowekwa katika kishikio cha chuma, ambao King C. Gillette wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1904, una makali yanayogusa mara moja tu kila unapopita, na kwa ndevu zetu naona bado unafaa kuliko hizo zinazosifiwa kwenye televisheni.

Dawa ya kwanza basi ni maji. Unywele mkavu ni mgumu sana, lakini ukilowa kwa dakika 2 au 3 katika maji ya uvuguvugu hufura, hulainika na kukatika bila kuvutwa. Tatizo ni kwamba maji peke yake hutiririka na kukauka. Kazi ya povu ni kuyashikilia maji hayo juu ya ndevu, na kuupa wembe utelezi. Haifai kitu povu likiwa jingi lakini jepesi kama la kufulia nguo, ambalo hupasuka kabla hujafika shavu la pili.

Huhitaji mtungi mzima. Vikombe viwili vya chai vya maji ya uvuguvugu vyatosha. Nawa uso kwanza kwa sabuni ya kuogea ili kuondoa jasho na vumbi, kisha usijifute. Itumbukize brashi katika kikombe kimoja kwa dakika 2, itoe, uikung'ute mara moja au mbili ili ibaki na unyevu bila kuchuruza maji. Weka krimu ya kunyolea, kiasi cha punje moja ya harage, katika bakuli dogo au kikombe cha bati. Zungusha brashi polepole bila kuikandamiza, na kila baada ya muda dondosha matone machache ya maji. Wengi hukata tamaa hapa. Mwanzoni utaona kitu kizito kama gundi. Endelea na ongeza tone. Ukiona mapovu makubwa yenye macho, umetia maji mengi au unapiga kwa kasi mno. Ongeza krimu kidogo tu na upunguze mwendo. Baada ya dakika 1 au 2 povu litakuwa zito, linang'aa, lenye kushikamana mithili ya maziwa mala yaliyoganda vizuri, na ukiinua brashi litasimama kijincha bila kuanguka. Hilo ndilo tunalolitaka. Likipakwa usoni likakauka na kuchanika, lilikosa maji.

Lipake kwa kuzungusha, ili brashi iziinue ndevu zilizolala, kisha malizia kwa kulilaza kama mtu anayepaka rangi ukutani. Subiri dakika moja nzima kabla ya kushika wembe. Mwenye vipele vilivyoiva asisugue na brashi, bali apake povu kwa vidole. Na ikiwa maji unayouziwa ni ya chumvi, yale ambayo sabuni haitoki povu sawasawa ndani yake, utahitaji krimu zaidi kidogo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi hutoa povu zuri zaidi.

Baada ya hapo, nyoa kwa kufuata mwelekeo ambao ndevu zimeota. Ili kuujua, pitisha kidole. Upande usiokwaruza ndio upande wa kuelekea. Usiivute ngozi kwa mkono mwingine, usigandamize, na usirudie palepale mara ya tatu ukitafuta ulaini wa mtoto mchanga. Suuza wembe kila baada ya kupitisha, na uutupe ukianza kuvuta. Maliza kwa maji baridi. Manukato makali ya spiriti hayahitajiki. Huchoma tu ngozi ambayo tayari imechubuka.

Wapo wanaotumia unga wa kuondoa nywele bila wembe. Wengine hufaulu nao, kwa sababu unga huo huyeyusha unywele na kuacha ncha butu. Lakini ukiuacha uso kwa dakika nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye pakiti, utaungua, na ngozi iliyoungua huacha baka. Jaribu kwanza mahali padogo kwenye mkono.

Ninalolihofia zaidi ni lile la kushirikiana vifaa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Virusi vya Ukimwi havina uvumilivu kama huo, ila wembe wenye damu mbichi si wa kuchezewa. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya homa hiyo ya ini, lakini watu wazima waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi wao hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Kwa hivyo unapokwenda kwa kinyozi, nenda na wembe wako mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako. Lile sanduku lenye taa ya buluu linalowekwa vibandani si la kutegemewa peke yake, maana mwanga hufika mahali unapomulika tu, na mashine yenye nywele na mafuta katikati ya meno haimulikwi ndani. Mashine sharti ipigwe brashi kwanza, kisha ifutwe kwa spiriti. Kinyozi anaweza pia kuchanganya kipimo 1 cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na vipimo 6 vya maji, akaloweka vifaa vinavyoweza kulowa kwa dakika 10, kisha akavisuuza na kuvikausha visishike kutu. Jiwe la shabu la kuzuia damu, linalopita kutoka shavu hadi shavu, nalo ni hatari ileile.

Brashi nayo ina historia yake mbaya. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume huko Uingereza na Marekani waliugua kimeta, na wengine wakafa, kwa sababu ya brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikuwa zimesafishwa ipasavyo. Brashi za siku hizi hazina balaa hilo. Hata hivyo, usinunue iliyotumika kutoka kwenye mirundo ya mitumba Gikomba, hata ikiwa ya bei ya kutupa. Nunua mpya. Ile ya nyuzi za kutengenezwa hukauka haraka, jambo muhimu katika chumba kisicho na dirisha, na inamfaa Mwislamu asiyetaka manyoya ya nguruwe. Ukimaliza, isuuze mpaka povu liishe, ikung'ute na uitundike penye hewa. Usiifungie mkebeni ikiwa mbichi. Baba na mwana kila mmoja awe na yake.

Ikiwa vipele tayari vimejaa, acha wembe kabisa kwa wiki 4 hivi. Wiki ya kwanza vitawasha zaidi, vumilia. Unywele ulioingia ndani waweza kuinuliwa kwa sindano iliyosafishwa, lakini usiung'oe, maana utakaomea utarudi kulekule. Baadaye tumia mashine inayoacha ndevu fupi za milimita moja. Mwajiri akiwa mkali, mwombe daktari akuandikie barua. Mimi huziandika, na waajiri wengi huzikubali. Jihadhari na zile krimu za kuchanganyachanganya zinazouzwa madukani bila maelezo. Nyingi zina steroidi kali, ambayo hupoza uvimbe kwa siku chache kisha hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuota chunusi mpya.

Fika kliniki bila kukawia ukipata jipu kubwa usoni, homa, au uvimbe unaopanda kuelekea jicho. Fika pia ikiwa makovu yanakua na kuzidi ukubwa wa vipele vyenyewe, hasa kisogoni, kwa kuwa hayo hutibika kwa urahisi yakiwa bado madogo. Na kama majipu hurudi kila mwezi hata baada ya kuacha kunyoa, omba upimwe sukari.