Ng'onda kwa Makopa

Ndugu msomaji, ukisimama Tibirinzi, hapo Chake Chake, waweza kudhani kuwa Pemba ni kisiwa cha wakulima watupu. Mikarafuu, migomba na mihogo imetanda vilimani. Lakini kitoweo cha mkulima huyo hutoka kwa watu wasiotulia mahali pamoja.

Hao ni wavuvi wa dago, na walio mashuhuri kupita wote ni Wakojani, watu wa kisiwa kidogo cha Kojani, upande wa mashariki ya Pemba. Ardhi ya upande ule ni uwanda, mawe yasiyompa mkulima kitu kikubwa. Basi hufuata majira ya pepo, wakapiga kambi za muda ufukoni, huku na huko, hata mwambao wa Kenya.

Sasa fikiri, msomaji: nani mnyonge katika mapatano yao? Mhogo waweza kungoja ardhini, samaki hangoji. Mvuvi asiyeuza leo, kesho atatupa. Kilichomwokoa ni chumvi na jua. Samaki akipasuliwa na kuanikwa huwa ng'onda. Mhogo ukimenywa na kukaushwa huwa makopa. Hapo wote wawili huweza kungoja, na hapo ndipo bei ya haki hupatikana.

Mambo haya si ya Pemba peke yake. Huko New Mexico, Marekani, Wapueblo walikaa katika vijiji vya udongo wakilima mahindi, maharage na maboga. Majirani zao wa nyika, Waapache na baadaye Wakomanche, walihamahama wakiwinda baisani, yaani nyati wa huko. Waliikata nyama vipande vyembamba wakaianika (ng'onda ya nyikani, ukipenda), wakaileta pamoja na ngozi ili wapewe mahindi.

Lakini kuhitajiana si kuaminiana. Wavuvi wa Pemba wamewahi kugombana na wenyeji wa pwani ya Kenya juu ya nyavu na maeneo ya kuvua, ingawa samaki wao hununuliwa papo hapo. Na Wahispania wa msafara wa Coronado, waliofika kwa Wapueblo mwaka 1540, waliandika kuwa wahamaji walipiga kambi chini ya kuta za vijiji wakati wa baridi, wala hawakuruhusiwa kulala ndani. Mchana waliingia na ngozi zao. Usiku walirudi nje.